Shangazi, nakula mchana natapika usiku, na ukweni wanasema nina dharau

Shangazi shikamoo. Naomba usitaje jina langu maana Moshi ni ndogo na huku sokoni kila mtu anamjua kila mtu. Nina miaka 28, nauza nguo za mtumba Kiboriloni, nina mchumba ambaye kazi yake iko Arusha na kwao ni Marangu. Mahari imeshatoka, kilichobaki ni ndoa tu, tumepanga iwe mwakani baada ya Pasaka. Kinachonikosesha usingizi ni hili tumbo.

Lilianza zamani kidogo. Nikila vijiko vichache nashiba, hapa chini ya chembe ya moyo panawaka na kusokota, afu nabaki nimejaa mpaka jioni. Kila nikienda kutibiwa naambiwa vidonda vya tumbo, napewa zile dawa za wiki mbili za kuua bakteria na omeprazoli ya kupunguza asidi tumboni, napata nafuu afu linarudi palepale. Nilipungua mpaka sketi zangu zote nikazipeleka kwa fundi kubana kiuno, ndo maneno yakaanza, we unajua mtu akikonda mjini anasemwaje. Nimepima VVU zaidi ya mara moja na niko salama, lakini huwezi kutembea na karatasi ya majibu umeibandika kifuani.

Mwaka jana daktari mmoja akasema hapana, tuangalie kwa kamera. Nikameza ule mpira, wakanyofoa vinyama vidogo wakapeleka maabara, baadae wakaniangalia na kwa njia ya chini. Nikaambiwa nina ugonjwa unaitwa Crohn, umekaa mwisho wa tumbo la chakula na mwanzo wa utumbo mdogo, na kuna alama kidogo pale utumbo mdogo unapoishia. Nikaanzishiwa prednisoloni, vidonge vingi asubuhi, akasema ntaongezewa dawa nyingine ya kutuliza kinga nikishamaliza vipimo. Sikudanganyi Shangazi, zile dawa zilinikubali. Haikupita muda nilikua nakula ndizi nyama sahani nzima na kulala usiku kucha. Lakini sura ikavimba, mashavu yakawa mviringo, chunusi zikatoka mpaka mgongoni, na walewale waliosema nimeathirika sasa wakasema nina mimba. Mama yake mchumba wangu akampigia mwanae kuuliza kama ni kweli. Nikaziacha, zote, siku moja, na kliniki sijarudi. Ni mwezi huuhuu.

Sasa Jumapili iliyopita tulipanda Marangu kwenye kipaimara cha mdogo wake. Mama akanipakulia kwa mkono wake mwenyewe, machalari, nyama, bakuli la kisusio, na kata ya mbege juu yake. Nikala vijiko viwili vitatu nikaweka sahani chini, mbege nikagusisha mdomo tu. Akasema mbele ya wageni, huyu binti chakula chetu anakiona uchafu. Nikanyamaza. Usiku tunarudi, kufika Himo nikaomba gari isimame, nikatapika pembeni ya barabara, na kilichotoka sio cha Marangu peke yake, kulikua na maharage, punje nzimanzima, na maharage mimi mara ya mwisho nilikula Jumamosi mchana nyumbani kwangu. Harufu yake uchachu mkali. Toka hapo natapika karibu kila jioni, ila nikishatapika napata nafuu kabisa kwa io sikuona haja ya kukimbilia hospitali. Nikisimama nasikia kizunguzungu, nguvu sina, sokoni nafungua saa nne wakati zamani saa moja asubuhi nishapanga mzigo. Magoti nayo yanauma, namezea diklofenaki za duka la dawa.

Kuna mama anauza dawa ya unga ya mizizi, unakoroga kwenye mtindi, anasema imeponya watu wenye vidonda sugu, je nitumie hiyo badala ya zile zinazovimbisha? Na mama mkwe nimwambie au ninyamaze mpaka ndoa ipite? Mchumba wangu mwenyewe anajua nina tumbo, jina la ugonjwa hajui. Na je ntaweza kuzaa, na mtoto ataupata? Kuna aliyeniambia unaambukiza mkila sahani moja, mwingine anasema hiyo ni TB ya tumbo tu, maana babu aliyetulea alitibiwa TB hospitali ya Kibong'oto na tulikua tunalala nyumba moja. Afu kuna jambo naona aibu hata kuliandika, nina kijipu karibu na njia ya haja kubwa, kinapasuka kinatoa usaha, kinakauka, kinarudi. Hilo daktari sikumwambia maana alikua kijana wa kiume.

Nisaidie Shangazi.
Binti wa Kiboriloni, Moshi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, tena sana, kwa tumbo na kwa midomo ya watu.

Maswali yako yote ntayajibu, ya mama mkwe, ya unga, ya mtoto, lakini sitafuata mpangilio wako. Naanza na yale maharage ya Himo. Mimi kabla ya kujibu barua nimefanya unesi miaka mingi, na nilipofika kwenye hiyo sentensi ya punje nzimanzima nikaacha kusoma nikairudia. Chakula cha Jumamosi mchana hakitakiwi kiwe bado kwenye tumbo la chakula Jumapili usiku. Hata mlo mzito, masaa manne matano mwingi wake unakua umeshashuka utumboni. Kikikaa mpaka kesho yake na kinatoka vilevile kilivyoingia, maana yake pale pa kutokea pamebana. Na ndipo hapohapo daktari alipokwambia ugonjwa umekaa, mwisho wa tumbo na mwanzo wa utumbo mdogo. Crohn inachimba ukuta wa utumbo, ukuta unavimba, ukivimba na kupona na kuvimba tena unaacha kovu, kovu linakaza, njia inakua nyembamba. Hiyo nafuu unayoisikia ukishatapika sio dalili ya kwamba haijafika pabaya, ndiyo dalili yenyewe, tumbo limepunguza mzigo ambao halikua na pa kuupeleka.

Kwa io mwanangu unaenda hospitali leo. Sio siku ya kliniki, sio baada ya kuuza mzigo wa wiki hii, leo, na unaenda dharura. Uko Moshi, KCMC unayo hapo, ni hospitali ya rufaa ya kanda, wenye kamera na madaktari wa upasuaji wako mahali pamoja. Kama umesoma hapa ukiwa Arusha kwa mchumba basi nenda hospitali kubwa iliyo karibu yako hukohuko, usikae kwenye Noah masaa mawili unatapika.

Na kuna la pili linalonifanya niseme leo. Prednisoloni haiachwi siku moja. Juu ya figo kuna tezi ndogo mbili zinazotengeneza homoni inayofanana na hiyo dawa, mwili unaitumia kushikilia presha, sukari na nguvu za kila siku. Ukimeza prednisoloni wiki nyingi zile tezi zinaacha kufanya kazi kwa sababu zinaona ipo ya kutosha, sasa ukikata ghafla dawa haipo na tezi bado hazijaamka. Ndo maana daktari huwa anapunguza kidogokidogo, kidonge baada ya kidonge, wiki baada ya wiki. Mtu aliyekata ghafla anakua hana nguvu, anaona kizunguzungu akisimama, kichefuchefu, kutapika, presha inashuka, na akizidiwa anaweza kuzimia na hata kupoteza maisha. Soma tena barua yako uone umeandika nini kuhusu kusimama na kuhusu saa nne. Sisemi ndicho ulichonacho, kutapika peke yake kunakausha maji na chumvi za mwili, potasiamu ikishuka sana hata moyo unapiga vibaya, inaweza kua hili au lile au yote mawili. Hilo linajulikana kwa kupima damu na presha, halijulikani kwa kukisia nyumbani. Wala usiseme basi narudia vidonge vilivyobaki nione, maana kwa hali uliyonayo utavitapika.

Ukifika mapokezi usianze na hadithi ya vidonda vya tumbo maana watakupa omeprazoli na kukurudisha. Sema hivi, nina ugonjwa wa Crohn wa tumbo la juu, nilikua kwenye prednisoloni nikaacha ghafla, natapika chakula cha jana yake. Maneno hayo tu, kwa nesi wa kwanza utakayemwona. Yeye atajua aite nani.

Nikutoe hofu ya watakachofanya. Utawekewa dripu, damu itapimwa, pengine watakupitisha mpira mwembamba puani kutoa uchafu uliolala tumboni. Haupendezi lakini ukishatulia unasikia umepata ahueni ya kweli. Dawa watakupa kwa mshipa. Halafu wataangalia kwa kamera au siti skani kujua pamebana kwa uvimbe au kwa kovu, maana hapo njia zinaachana. Uvimbe unaweza kulegea kwa dawa. Kovu halilegei kwa kidonge, linaweza kutanuliwa kwa puto dogo linaloingizwa na ileile kamera na kujazwa mahali palipobana, na ikishindikana kuna upasuaji wa kuunganisha tumbo la chakula na utumbo mbele ya penye tatizo, chakula kinapita njia ya pembeni. Watu wanafanyiwa na wanarudi kula. Lakini hakuna kati ya hizo inayofuta Crohn yenyewe, hata baada ya upasuaji dawa za kuutuliza zinaendelea, na hapa ndipo nataka tuongee kuhusu sura yako.

Mimi najua mashavu kuvimba sio jambo dogo kwa binti anayesubiri ndoa, na anayekwambia "afya kwanza" bila kukusikiliza hajawahi kutazamwa vile sokoni. Ila kuna kitu nahisi hukuambiwa, au uliambiwa haraka ukiwa umeshika mlango wa kutoka. Prednisoloni sio dawa yako ya maisha. Inatumika kupunguza makali kwa muda, na hakuna daktari mzuri anayetaka ukae nayo, inadhoofisha mifupa, inapandisha sukari, yenyewe wanaitumia kwa mahesabu. Dawa ya kukaa nayo ni ile ya pili aliyosema atakuongezea. Mara nyingi huwa ni azathioprini, ambayo inachukua miezi miwili mitatu mpaka ishike, na ndo sababu mtu anaendelea na prednisoloni huku ikipunguzwa wakati ile nyingine inasubiriwa. Wapo wanaohitaji sindano kama infliksimabu, hizo bei yake ni kubwa, kabla hujakubali au kukataa ulizia bima yako inagusa wapi. Ukimaliza kipindi cha prednisoloni mashavu yanashuka yenyewe na chunusi zinaondoka. Nakwambia kama niliyeona wagonjwa wengi kwenye dawa hiyo kwa magonjwa tofautitofauti, sura inarudi.

Sasa babu wa Kibong'oto. Umeliandika kwa kupita tu, mimi naona ni la maana kuliko unavyodhani. TB ya tumbo na Crohn zinafanana mno, zote zinachimba vidonda, zote zinabana utumbo, zote zinakondesha, hata ukiangalia kinyama kwa hadubini wakati mwingine vinakaribiana, na kwa nchi kama yetu daktari lazima ajiulize TB kwanza. Aliyekwambia kwamba hiyo ni TB tu hana uhakika huo, lakini swali lenyewe sio la kipuuzi. Tena kuna upande wa pili wake, mtu aliyelelewa nyumba moja na mgonjwa wa TB anaweza kua na vimelea vimelala mwilini bila kuumwa, na dawa hizi zote za kutuliza kinga, hasa zile sindano, zinaweza kuviamsha. Nadhani ndivyo vipimo ambavyo daktari alitaka umalize kabla hajaongeza dawa, wanapima TB na wanapima homa ya ini aina ya B. Kwa io mwambie waziwazi, babu aliugua, tulilala naye nyumba moja, nilikua mdogo. Wakikuta TB kuna dozi yake, kawaida ni miezi 6, na unaimaliza yote.

Na kijipu. Mwanangu, hilo ndilo nakuomba uliseme hata kama utaliandika kwenye karatasi ukamkabidhi. Jipu linalopasuka na kurudi palepale karibu na njia ya haja kubwa, kwa mgonjwa wa Crohn, mara nyingi sio jipu la kawaida, ni kijinjia kimetoboka kutoka ndani kuja kwenye ngozi, kinaitwa fistula. Kwanza linamsaidia daktari kwenye lile swali la Crohn au TB. Pili, usaha ukijificha mle ndani afu ukapewa dawa za kushusha kinga, maambukizi yanaweza kusambaa, inabidi usaha utolewe kwanza. Una haki ya kusema naomba daktari wa kike, na asipokuwepo una haki ya kuomba nesi wa kike asimame pembeni yako wakati unaangaliwa. Sisi manesi tumesimama hivyo mara nyingi tu na hakuna anayekucheka.

Diklofenaki acha leo. Zile za jamii yake zote, ibuprofeni na wenzake, zinachubua ukuta wa tumbo na utumbo, kwa mtu wa kawaida zinaleta vidonda, kwako zinaweza kuamsha ugonjwa uliokua umetulia. Magoti kuuma kunaweza kua sehemu ya Crohn hiyohiyo, inagusa viungo, macho, ngozi, mdomo pia unaweza kutoka vidonda. Ukiwa na maumivu kwa sasa ni paracetamoli kwa kipimo chake, na mengine uwaachie wao. Ukiona choo cheusi tii, laini kinachonata na kinanuka vibaya, hiyo ni damu kutoka juu na unawaambia hapohapo. Ila kama unameza vidonge vya kuongeza damu navyo vinafanya choo kiwe cheusi, kwa io taja kama unavitumia. Halafu kwenye hivyo vidonge vya damu, madini ya chuma yanafyonzwa hasa pale mwanzo wa utumbo mdogo ambapo wewe ndipo penye ugonjwa, hivyo ukimeza miezi na damu haipandi usishangae, uliza kama unaweza kuwekewa kwa mshipa.

Unga wa mizizi kwenye mtindi, hapana. Mama wa watu sijui nia yake na simsemi vibaya, lakini wewe njia yako imebana, unga wa magome na mizizi una nyuzi, utakwama palepale penye shida. Na hujui kilichomo, ini lako litaanza kupambana na kitu kisichojulikana wakati linasubiri dawa kali za hospitali. Sisi wa kaskazini tunakumbuka 2011, barabara ya Loliondo ilivyojaa magari ya wagonjwa wanaoenda kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha yule mchungaji mstaafu aliyeitwa Babu, pale Samunge. Mtu kwenda na imani yake sio kosa hata kidogo. Kilichoniumiza ni wale waliorudi wakaacha dawa zao za hospitali. Ukitaka kuombewa omba, mchungaji wako aje mpaka wodini akuwekee mikono, na dripu iendelee kushuka.

Kuambukiza, huu ugonjwa hauambukizi, sio kwa sahani, sio kwa kubusiana, sio kwa kulala pamoja. Wala hakuna aliyekutupia. Uliandikwa na madaktari watatu wa New York mwaka 1932, Crohn akiwa mmoja wao, wakati huo wakidhani unakaa mwisho wa utumbo mdogo tu, baadae ikaonekana unaweza kushika popote kuanzia mdomoni mpaka njia ya haja kubwa. Wa tumbo la juu kama wako ni wachache, ndo maana unachelewa kugundulika na watu wanatibiwa vidonda vya tumbo miaka. Ni kinga ya mwili inapigana na utumbo wake yenyewe, kuna mchango wa kurithi na kuna mambo ya mazingira, hakuna chakula fulani ulichokula kikakuletea. Sigara inauzidisha sana, kama unavuta au mchumba anavutia ndani hilo litafutiwe namna.

Kuhusu mtoto nina habari nzuri. Wanawake wenye Crohn wanashika mimba na wanazaa. Sharti kubwa ni ugonjwa uwe umetulia kabla, madaktari wengi wanapenda uwe umetulia angalau miezi mitatu mpaka sita, maana mimba ikiingia ugonjwa ukiwa mkali kuna hatari ya kuharibika au mtoto kuzaliwa njiti. Azathioprini kwa kawaida inaendelea hata ukiwa mjamzito. Methotreksati, nayo ni dawa ya kutuliza kinga, hapana kabisa, inaharibu mtoto, kwa io daktari akitaka kukuandikia hiyo mwambie unategemea kuolewa na kuzaa. Mtoto anakua na uwezekano mkubwa kidogo kuliko watoto wengine, ila wengi wa watoto wa wazazi wenye Crohn hawaupati. Kwa mantiki hiyo, ndoa baada ya Pasaka sina ugomvi nayo. Mimba ya haraka baada ya ndoa ndo msubiri mpaka kliniki iseme sawa, na hilo mkubaliane wawili kabla mashangazi wa Marangu hawajaanza kuhesabu miezi.

Nimefika kwa watu. Mchumba wako mwambie leo, na sio kwa kukiri dhambi, mpigie mwambie njoo unipeleke hospitali, ugonjwa wangu unaitwa hivi. Aingie na wewe kwa daktari, asikie kwa masikio yake kwamba hauambukizi na kwamba unazaa. Mwanaume aliyesimamisha gari Himo usiku na kukusubiri utapike, mimi sina wasiwasi naye sana. Na usimwoe mtu gizani, yaani asikuoe gizani, kunyamaza mpaka ndoa ipite halafu vidonge vikutwe kwenye droo ndo kutaleta neno la kudanganywa ambalo halifutiki.

Mama mkwe usimwambie wewe. Kwetu neno zito haliendi na anayehusika, linaenda na mwanae wa kumzaa, au na mshenga wenu, au shangazi yake mchumba kama wanaelewana. Aseme mama, yule binti hakukataa chakula chako, tumbo lake pa kutokea pamebana, amelazwa. Asianze na jina la kizungu, aanze na hilo la kulazwa. Mama wa Kichaga akishajua mtu ni mgonjwa maneno ya dharau yanaisha, anaanza kuuliza apike nini. Hapo ndo mumpe kazi. Mkishatolewa hospitali na wakisema unaweza kula, kitu kinachokufaa ni mtori, uliopondwa ukalainika kabisa, nyama yake imesagika sio vipande, kidogokidogo mara nyingi kwa siku. Na huo hakuna anayeupika vizuri kuliko yeye. Makande, mahindi ya kuchoma, kisamvu, ndafu ya misulimisuli, mapera na mbegu zake, hivyo viwe mbali mpaka njia ifunguke. Mbege ina ulezi na msesewe na pombe ndani yake, kwa sasa usiguse hata kwa heshima, mshenga atakunywea. Ila leo kabla ya kuonwa usile kitu kigumu chochote, hata huo mtori, maji kwa vijiko tu kama yanakaa.

Mzigo wa sokoni mwachie jirani wa meza. Beba ripoti ya kile kinyama, majibu ya kamera, karatasi za dawa zote, na vidonge vilivyobaki ndani ya pakiti zake ili waone ulikua unameza miligramu ngapi. Nguo za kulala na kanga mbili, maana nadhani watakulaza. Ukipata nguvu nitumie ujumbe nijue wamekuta uvimbe au kovu, nikueleze kinachofuata.